Mashua Ukutani kwa Mama

Rayners Lane, London
12 Oktoba 2002

Mdogo wangu Hayat,

Assalaam alaykum. Nianze kwa kukuuliza hali yako, na ya shemeji, na ya lile goti linalokusumbua kila unapopanda ngazi za nyumba yenu. Sisi huku tu wazima kwa kadiri ya watu wanaoishi penye baridi: mafua yanazunguka nyumba nzima kama mgeni asiyejua wakati wa kuondoka. Miska anakusalimu. Binti yangu huyu anaelewa kila neno tunalosema na anajibu kwa Kiingereza, basi salamu zake nimezitafsiri mimi. Mama yu hai, anakula, anakutaja. Sitasema zaidi juu yake hapa mwanzoni, kwa kuwa barua yote hii ni habari zake.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia na simu ipo. Simu yako wewe huisikiliza nyumba nzima pamoja na shoga zako wa barazani. Nikikohoa London, Kikwajuni wananiletea dawa. Hili ninalotaka kukuambia nataka ulisome peke yako, mlango umefungwa, kabla hujamwita Suhaib.

Najua unangoja jibu. Uliniandikia kwamba mwanao Suhaib amemtaka Agripina, mjukuu wa Mzee Titus, na kwamba kijana hasikii la mtu. Ukanieleza pia kuwa Mzee Titus hana neno kuhusu dini wala kuhusu mahari. Ametoa sharti moja: hatapokea posa kutoka nyumba ya Mwalimu Mbarouk mpaka mtoto wake mkubwa, yaani mimi, atoe ridhaa kwa mdomo wake mwenyewe, na iwe kabla ya Ramadhani. Nikakujibu kurasa nne. Unazo. Nilisema kwamba karani wa forodha aliyewaonesha wenye bunduki yupi ni baba yetu hawezi kugeuka mkwe wetu kwa sababu watoto wawili wamependana chuo cha ualimu. Nilisema posa ikienda iende bila jina langu, harusi iwe bila mimi, na mazishi yangu yawe bila Suhaib. Nilifurahi nilipokuwa nikiandika. Huo ndio ugonjwa wangu na wewe unaujua: sentensi ikinitoka vizuri, nadhani ni kweli.

Sasa nisikilize.

Unamkumbuka Kalpana, yule bibi wa Kihindi jirani yetu wa mlango wa pili, aliyekulia kwetu Unguja, ambaye baba yake alikuwa na duka la vitambaa karibu na bandari. Yeye na Mama wamepika pamoja, wamegombana juu ya chumvi pamoja, na wamewasengenya majirani kwa Kiswahili kwa miaka humu kwenye jengo letu. Majira ya kuchipua yaliyopita, mwanawe alimhamishia Leicester. Siku ya kuondoka alimpa Mama picha iliyokuwa sebuleni kwake, picha ya Kijapani ambayo marehemu mumewe, Bhanu, aliileta kutoka Osaka alipokuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya meli. Alisema Mama hunywa chai yake akiitazama hiyo picha, basi afadhali wafuatane.

Mimi, kama kawaida yangu, nilikwenda maktaba nikarudi na vitabu. Niliwaeleza watu wa nyumba hii, waliotaka na wasiotaka, kwamba ile si kazi ya brashi. Fundi huchonga mbao za mcheri, kila rangi na ubao wake, halafu karatasi huwekwa juu ya ubao ikasuguliwa kwa mkono. Ile mbingu inayoanza buluu nzito juu na kufifia mpaka karibu na maji haikuchorwa. Wino umefutwa kidogo kidogo juu ya ubao kabla ya karatasi kulazwa. Miska aliniuliza kwa Kiingereza kama kutakuwa na mtihani.

Picha yenyewe inaonesha mashua zinazorudi bandarini baada ya mvua. Za nyuma bado zinakuja, matanga nusu yameshushwa. Ya mbele imeshagusa mchanga na watu wake wanashuka, maji magotini, mizigo mabegani. Ufukweni wamesimama watu wanaowapokea. Nyuso zao ni ndogo kama punje za mtama, lakini aliyezichonga alijua kazi yake: kila uso una nyusi zake na mdomo wake, na ukikaribia unaweza kujua nani amechoka na nani ana hamu ya kufika. Niliitundika chumbani kwa Mama, kwenye ukuta anaouelekea akisali, kwa sababu kuta nyingine zina dirisha, kabati na lile dude la kupashia joto.

Mama alianza kuzungumza na zile mashua. Unajua hali yake ilivyo: siku moja yuko nasi, siku ya pili anamwita Miska kwa jina la shangazi aliyekufa kabla hujazaliwa. Alikuwa akikaa kitandani, anawahesabu wanaoshuka, anawaambia wangoje. Mimi nikawa namsahihisha. Sipendi kumdanganya mgonjwa. Nimeandika makala nzima juu ya hilo, juu ya madaktari na jamaa wanaomfanya mtu mzima mtoto. Basi nilimwambia, Mama, hawa ni Wajapani, wamekufa zamani, na bandari hii huijui. Akanitazama kwa huruma. Akaniuliza kama Wajapani hawana wake wanaowangoja.

Ndipo akaingia Muhsin. Mdogo wetu, kama ujuavyo, amekuwa mtu wa msikiti. Anaendesha teksi kule Stratford, ndevu zimefika kifuani, na kila Ijumaa baada ya sala alikuwa akituletea nyama na kukaa na Mama mpaka alasiri. Aliiona picha mbele ya msala, akaniita ukumbini, akanieleza kwa sauti ya chini kwamba si vizuri Mama kusali akielekea sura za watu. Aliomba tuihamishie sebuleni, au tuifunike kwa kitambaa wakati wa sala.

Ni maneno ya kiungwana, Hayat. Leo nayaona hivyo. Siku ile niliona jeshi zima limesimama mlangoni kwangu. Nilimwambia Mama alikuwa akisali kabla mimi na yeye hatujajua kujifuta pua, na kwamba yeye ameanza kusali tangu alipoachwa na mkewe. Nilimwuliza kama anaamini kweli kwamba mama yake anawasujudia wavuvi wa Kijapani. Nikamtajia wafalme wa Kiislamu waliokuwa na wachoraji katika majumba yao, mmoja baada ya mwingine. Aliningoja nimalize. Akasema, "Kaka, mimi nimeomba tuhamishe picha. Sikuomba tuihamishe Zanzibar." Miska akacheka jikoni, nami nikazidi kukasirika.

Haukupita muda, nikaingia chumbani kwa Mama asubuhi nikakuta nyuso zote za watu wa mashua ya mbele zimepakwa weusi. Tone moja jeusi juu ya kila uso, limekaa sawasawa, kazi ya mtu asiye na haraka. Bahati picha ina kioo, basi weusi ulikuwa juu ya kioo. Niliupangusa. Nikampigia simu Muhsin nikamwita majina. Aliapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hakugusa. Nikamwambia mtu anayeogopa uso wenye ukubwa wa punje ya mtama hawezi kuogopa kiapo cha uongo. Nikamtaka anirudishie ufunguo wa nyumba. Aliuleta siku ileile, akauweka juu ya meza, akaingia kumbusu Mama mkono, akaenda zake.

Nami nikaandika. Unakijua kijarida chetu ninachokihariri huku. Ukurasa wa mwisho ni wangu, na huwa nasema kwamba watu huanza kukisoma kwa nyuma. Niliandika juu ya wale wanaokimbilia nchi za watu kwa ajili ya uhuru, kisha wakafika na kopo la rangi nyeusi mkononi. Sikumtaja kwa jina. Niliandika "ndugu yangu wa tumbo moja". Mimi nina ndugu wangapi wa kiume? Kule msikitini kwake walisoma, wengine wakamwambia amefanya vyema na wengine wakamwuliza kama si haya kuingia nyumba ya watu kwa wizi. Hakuja tena Ijumaa.

Nyuso zikapakwa tena.

Hapo mtu mwenye akili angesimama. Mimi nilibadilisha kitasa. Nilijiambia amekwishachonga ufunguo mwingine, kwa sababu watu wa namna ile, nilisema, wana subira. Nikapangusa. Weusi ukarudi, safari hii mpaka kwenye mashua ya pili. Miska alinieleza, kwa Kiingereza chake cha taratibu anachonitumia nikiwa nimewaka, kwamba kitasa ni kipya, ami yake yuko upande mwingine wa London, na wenye funguo ni sisi wa humu ndani tu. Nikamwambia hajui historia.

Na kuna jambo nililokuwa naliona bila kulitazama. Kila nilipopangusa kile kioo, Mama alikataa kula. Alikuwa anajifunika kanga mpaka kichwani, anageukia upande wa mlango, anatetemeka. Nilimwita daktari. Akampima, akasema hana homa, ugonjwa wa kusahau ndivyo unavyokwenda. Nikakubali, mimi nisiyekubali hata taarifa ya hali ya hewa.

Jumanne iliyopita treni ziliharibika. Tuliteremshwa njiani tukaambiwa tujitegemee, nami badala ya kwenda kazini nikarudi nyumbani. Ilikuwa mchana, jua jembamba la huku limeingia mpaka kitandani. Mama alikuwa amesimama juu ya kigoda chake, mkono mmoja umeshika ukuta, na mkono wa pili umeshika kijiti cha wanja. Kichupa cha wanja kilikuwa juu ya msala.

Nilikimbia nikamshika kiuno asianguke. Hakushtuka. Aliniambia, kama mtu aliyekuwa akiningoja, "Umekuja? Nimalizie hawa wa juu. Mkono wangu haufiki."

Nilimteremsha, nikamkalisha kitandani, nikamwuliza kwa nini. Nilidhani atanitajia dini. Alinijibu kwamba wakishuka na nyuso zao watajulikana. Watajulikana na nani? Na wale wanaopokea mizigo. Akanionesha wale watu wadogo waliosimama ufukweni na mikono yao mbele. Akasema, "Wewe kila siku unawafunua."

Hayat, mdogo wangu, keti.

Nitakuandikia aliyoniambia, wala sitayapamba. Siku ile ya mwaka wa mapinduzi alipokwenda bandarini kumngoja Baba arudi kutoka Pemba, alikuwa na wewe mkononi na Muhsin tumboni. Watu walikuwa wengi. Wenye bunduki walikuwa na jina la Mwalimu Mbarouk, lakini hawakuijua sura yake. Hadithi tuliyokulia ni kwamba Titus, karani wa forodha aliyesimama pale langoni na karatasi zake, ndiye aliyewaonesha. Ami, nduguye Baba, alituambia hivyo, na jamaa wote wakakariri, na mimi nikaiandika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwenye vijarida na kwenye mikutano, kwa jina lake kamili, kwa karibu miaka thelathini.

Mama anasema alimjia kijana mmoja wa mtaani kwetu. Alikuwa amekula kwetu Ramadhani, sahani moja na sisi. Bunduki aliining'iniza begani kama mkoba. Alitoa shikamoo, akakushika wewe shavu. Akauliza kama Mwalimu anarudi leo. Mama akasema ndiyo. Kijana akasema, "Watu wengi, Mama. Nioneshe, nikampokee mzigo."

Wewe unatujua sisi. Mtu mzima akishuka safarini, kijana wa mtaani akimwacha abebe mzigo wake mwenyewe, mama yake ndiye anayelaumiwa. Mama anasema siku zile watu walikuwa wameacha hata kuitikia salamu, kila mmoja anamwogopa mwenzake, na aliposikia maneno yale alifurahi kwamba bado kuna mtoto mwenye adabu. Baba alishuka katikati ya wachukuzi. Alikuwa amevua kanzu yake na kofia, amevaa shati lililochanika, na begani amebeba gunia, amelilaza upande wa uso. Titus aliikagua karatasi yake pale langoni. Anamjua Baba, walikuwa wakicheza karata pamoja. Akamtazama, akairudisha karatasi, akampitisha bila kusema neno. Alikwisha kumpitisha, Hayat! Zilibaki hatua chache afike kwenye watu.

Mama aliujua mwendo wake. Akanyoosha kidole akasema, "Yule pale, mwenye gunia."

Kijana akaenda. Akampokea mzigo. Alilitoa lile gunia begani kwa Baba kwa mikono miwili, kwa heshima, na uso wa Baba ukabaki wazi mbele ya wale waliokuwa wamesimama nyuma.

Titus alikiona kidole cha Mama. Macho yao yalikutana, kisha yeye akainamia karatasi zake. Watu waliomwona ameinama wakasema anaona haya kwa alilolitenda. Siku ya tatu alikuja nyumbani kutoa pole, na Mama akajifungia chumbani akakataa kutoka. Tuliokuwa nje tulielewa tulivyotaka kuelewa. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mbili, nimesimama uani, na siku ileile nikamtemea mate kwenye baiskeli yake.

Nilimwuliza Mama kwa nini aliniacha. Nilimwuliza kwa sauti isiyofaa kumtolea mama. Kwa nini aliniacha niandike, nisimame kwenye kumbi, nimtaje mtu kwa jina lake, na yeye yuko nyumbani anajua? Alinitazama, na kwa dakika ile alikuwa mzima kabisa kuliko mimi. Akasema, "Ulikuwa mtoto. Ulitaka mtu wa kumchukia. Ningekupa nani?"

Nikamwuliza jina la yule kijana. Akasema, "Jina la nini? Umwandike?"

Baada ya hapo akaondoka tena, akarudi kule anakokwenda. Akaanza kunihimiza kwamba mashua ya juu inakaribia na watu wake bado wana nyuso. Nikapanda mimi juu ya kigoda. Nilichovya kijiti kwenye wanja, nikawapaka, mmoja mmoja, na yeye ananielekeza kutoka kitandani: huyo wa nyuma bado, huyo umemsahau. Nilipomaliza alivuta pumzi. Akawaambia, "Haya, shukeni." Akaniomba uji, akaunywa wote.

Utasema akili ya Mama imekwisha na haya ni maruweruwe yake. Nilijitetea hivyohivyo siku nzima. Unadhani ni nani aliyekuwa na hamu zaidi ya kumkanusha? Nikampigia simu Kalpana kule Leicester. Nilimzungusha kwa maneno, yeye akanikatiza. Akasema Mama alimweleza zamani, jikoni kwake, wakimenya mihogo, na kwamba hata kabla ya hapo baba yake alikuwa amesimama mlangoni mwa duka siku ile na alikiona kile kidole. "Sisi wanawake tunajua, Msabaha," aliniambia. "Wewe ulikuwa unasema tu, nani angeweza kuingiza neno?"

Nilikwenda Stratford. Nilimkuta Muhsin ndani ya teksi yake, anakula chipsi, akateremsha kioo kidogo akaniuliza, "Ndugu mhariri, umesahau nukta au mkato?" Niliingia nikakaa kiti cha abiria nikamwambia yote. Aliziweka chipsi zake pembeni. Kisha akaanza kutuhesabu. Mama alikuwapo. Hayat alikuwapo mkononi. Yeye mwenyewe alikuwapo tumboni. Asiyekuwapo bandarini siku ile ni mimi, nilikuwa chuoni nasoma Kurani, na ndiye niliyeandika. Hakulisema kwa kunichoma. Alikuwa anastaajabu tu, nami sikupata pa kuficha uso wangu.

Na hapa ndipo nilipokwama mpaka leo. Ni wajibu wangu kumsafisha Muhsin katika ukurasa uleule niliomchafulia. Lakini nikisema si yeye aliyepaka, watu watauliza basi ni nani, na kwa nini, na huko kwenye "kwa nini" ndiko anakokaa Mama. Nilimweleza hivyo. Alipangusa mikono yake. Akasema niache, waendelee kusema ni yeye. Mzee Titus amebeba jina lake bovu miaka yote hii, yeye atashindwa na kijarida ambacho pale dukani karibu na stesheni wanafungia sambusa? Ijumaa alikuja na nyama, akaingia kwa Mama, akaitazama ile picha na nyuso zake nyeusi, akatandika msala wake pembeni ya wa Mama. Hatukusameheana kwa maneno. Kuhusu ufunguo, yamekwisha. Kuhusu ile makala ameniambia tusubiri, na sijui tunasubiri nini.

Basi jibu langu kwa swali lako ni hili: naridhia. Suhaib amwoe Agripina. Posa iende kwa jina langu, litangulie jina langu, na zile kurasa nne uzichome jikoni. Lakini usiitume posa kwanza. Kabla ya wazee, kabla ya Suhaib, nenda wewe kwa Mzee Titus, peke yako, mchana, uingie kwa mlango wa mbele watu wakuone. Sharti lake alilitaka kwa mdomo wangu, na mdomo wangu uko huku. Huo wa kwako ndio ulio karibu zaidi na wangu. Mwambie nimeridhia. Kisha mwambie kwamba tunajua nani alinyoosha kidole, na tunajua nani alirudisha karatasi. Usimwombe radhi kwa niaba yangu. Hiyo nitakuja kuiomba mwenyewe baada ya Idi, kama yeye na mimi tutajaaliwa uzima, na akitaka kunifukuza barazani kwake anifukuze mbele ya mtaa mzima.

Watoto uwaambie au usiwaambie, nakuachia. Sina busara ya jambo hilo, na nimegundua sina busara ya mambo mengi niliyoyasemea kwa sauti kubwa.

Mama usimwulize. Ukipiga simu, mwulize kama amekula. Ukitaka kulia, lia kabla ya kupiga. Najua utakuwa na hasira, na hasira hiyo itatafuta mahali pa kukaa. Mimi yangu nimeihangaisha siku nne sasa: nimeipeleka kwa Ami, ameshakufa, kwa yule kijana, sina jina lake, kwa Mama, nikamkuta amelala, mdomo wazi, wanja umemganda vidoleni. Nikanawisha mikono yake kwa maji ya moto naye hakuamka. Sijui nikushauri nini zaidi ya hapo.

Msalimie shemeji sana, na umwambie dawa ya pumu nimempata mtu wa kumletea. Wasalimie watoto wote kila mmoja kwa jina lake. Suhaib mwambie mjomba wake alikosea na kwamba asizoee kusikia hivyo. Agripina, ambaye sijamwona, mpe salamu za mkwe wake mgomvi. Miska ameingia sasa hivi, ananiuliza namwandikia nani kitabu. Naye anarudia kukusalimu. Muhsin yupo chumbani kwa Mama, anakusalimu.

Na Mzee Titus mpe shikamoo yangu. Mwambie inatoka kwa Msabaha wa Mwalimu Mbarouk, aliyekuwa akipita mbele ya baraza lake tangu utotoni bila kuitoa. Akinyamaza usimhimize. Ngoja kidogo, umuage kwa adabu, kisha niandikie kwamba uliifikisha.

Kaka yako,
Msabaha